Sifuri Kwenye Safu ya Mwisho

Nilipomaliza shahada ya fizikia ya tiba nilirudi nyumbani Kawetele na begi moja, kompyuta yenye betri mbovu, na kazi ya kueleza nilichosomea. Niliwaambia watu kwamba mgonjwa wa saratani anapotibiwa kwa mionzi, kuna mtu anayeipima mashine na kukokotoa dozi ili mionzi ifike panapotakiwa tu, na mtu huyo si daktari. Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanyoosha mguu.

"Basi nipimie hili goti. Linauma mvua ikikaribia."

Kwetu mvua hukaribia kila siku.

Wiki hiyo mwalimu aliyenisimamia chuoni alinitumia jedwali. Kamati yake ilikuwa inakadiria wataalamu wa fani yetu watakaohitajika miaka kumi ijayo, na rasimu ya nyanda zetu za juu alinipa mimi. Mashine zilizopo, zinazotarajiwa, wataalamu waliopo, wanaokaribia kustaafu. Safu ya mwisho ilikuwa ya wahitimu watakaoanza mafunzo kazini mwakani.

"Utakachoandika hapo ndicho tutakachoomba," aliniambia kwa simu. "Nakitaka Ijumaa mchana."

Hapo ndipo usingizi uliponiruka. Bila miaka miwili ya mafunzo hayo, mhitimu haruhusiwi kumhudumia mgonjwa peke yake, na nafasi zilikuwa chache mno. Mhitimu niliyemfahamu katika nyanda hizi alikuwa mmoja, na ndiye aliyeshika kalamu. Nikiandika moja, nimejiandika mimi. Nyumbani kwetu anayepakua chakula hujipakulia mwisho, na mara nyingi huambulia ukoko. Niliwaza kamati nzima ikinicheka, nikawaza mwalimu akijuta kuniamini, nikawaza hata maneno atakayotumia. Alhamisi jioni nikaandika sifuri. Nikaweka na sababu ya kupendeza: mashine mpya inatarajiwa mwaka wa nne, kwa hiyo mtaalamu atahitajika mwaka wa nne.

Ijumaa asubuhi nilikwenda na mama shambani kupunguza machipukizi ya migomba. Kazi hiyo naijua tangu utoto: kwenye kila shina unaacha mgomba mkubwa, mtoto wake na mjukuu, mengine unakata. Lakini kichwa changu kilikuwa kwenye jedwali. Nilikata, nikakata, mpaka mama akasimama nyuma yangu.

"Gwe, hapo umepunguza au umemaliza?"

Nilitazama. Mgomba wenye mkungu ulikuwa umebaki peke yake kama mlingoti.

"Si una mkungu tayari, mama?"

"Una mkungu. Tukishaukata, tunakula nini?"

"Tutapanda mwingine."

"Tutapanda, halafu tukae tunautazama ukue. Huko chuoni mlikuwa mnakula nini, chaki?"

Nilibaki na panga mkononi nikihesabu kurudi nyuma. Mashine mwaka wa nne. Toa miaka miwili ya mafunzo. Toa muda wa kuomba, kusubiri barua, kuulizwa barua iko wapi. Mtu wa mwaka wa nne alitakiwa kuanza mwakani, na mtaalamu pekee wa kumfundisha alikuwa kwenye safu ya wanaokaribia kustaafu. Sifuri yangu ingewaacha wagonjwa na mashine mpya iliyofungiwa chumbani.

Nikamweleza mama yote, pamoja na aibu.

"Hiyo nafasi unaitaka?"

"Naitaka."

"Na huyo mtu anahitajika kweli?"

"Anahitajika. Wanahitajika wawili, hata."

"Sasa?"

"Nitaonekana nimejipakulia."

Mama alicheka mpaka akaegemea mgomba. "Mwanangu, umewahi kuona nimelala njaa? Sahani yangu huwa naificha nyuma ya chungu kabla sijawaita."

Miaka yote hiyo nilikuwa namhurumia kwa ule ukoko.

Nilipanda mpaka ukingoni mwa shamba la chai la jirani, mahali penye mtandao, nikafuta sifuri na sababu yake kwenye simu na kuandika mbili. Chini nikaongeza: "Mwandishi wa rasimu hii anakusudia kuomba nafasi mojawapo." Nikaisoma mara sita, nikatuma kabla ya mara ya saba.

Jibu lilikuja manyunyu yakianza. "Kwa nini wawili?"

Niliandika aya nne, nikazifuta. Nikajibu: "Mmoja anaweza kuhama."

"Sawa. Fomu zikitoka, jaza siku hiyohiyo, kabla hujaanza kufikiri."

Nilirudi shambani nikijiuliza ile "sawa" ilikuwa ya kukubali au ya kuchoka. Mama alikuwa amechimba chipukizi kwenye shina jingine na kulipanda kando ya mgomba wangu mpweke.

"Wamekubali?" akauliza.

"Wataomba nafasi mbili."

"Ndaga," akashukuru kwa lugha ya kwetu. "Sasa shindilia huo udongo, mvua hii hapa."