Msimbo Wetu wa Vipande Vitatu

Juzi binti yangu alinionyesha kwenye simu jukwaa la watu wa kila pembe ya dunia, kazi yao kukusanya misimbo ya gemu za zamani isipotee: bonyeza hiki, kisha kile, upate maisha yasiyokwisha. Nikacheka. Kisha nikaona picha ya kaseti yetu ya gemu, ile bandia ya manjano tuliyoichezea Garsen. Chini yake wameandika: "Inasemekana ina mlango wa siri. Nani anajua msimbo?"

Rafiki yangu, moyo ulinipiga. Mimi ninaujua. Kipande cha katikati tu.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Mto ulifurika, shule ikafungwa, na sisi wavulana watatu tukahamia kwa fundi wa redio. Alikuwa na televisheni ndogo, mashine ya gemu na jenereta iliyonguruma nyuma ya duka, chumba kizima kikanuka petroli. Mwana wa wafugaji alimletea maziwa yenye harufu ya moshi. Mwana wa wakulima wa kijiji cha Hewani alileta ndizi. Mimi nilimchotea maji. Tulibonyeza ovyo ovyo mpaka vidole vikaota sugu, na mchana mmoja ukuta wa mwisho wa gemu ukafunguka: ndio ule mlango wa siri.

Hapo nikajifanya mwerevu. Nikasema tuugawe msimbo kama malka, ile njia ya ng'ombe inayopita kati ya mashamba hadi mtoni: mfugaji hafiki kwenye maji bila kusikizana na mkulima. Mfugaji akashika mwanzo, mimi katikati, mkulima mwisho. Kuandika, marufuku.

"Toa chako kwanza!" tulikuwa tukitaniana.

"Toa wewe, mlafi wa ndizi!"

Tangu siku ile ya picha sina raha. Mfugaji nilimpata kwa simu, yuko Madogo anauza mbuzi. Nilipomweleza tu, akaangua kicheko. "Toa chako kwanza, mzee!" Nikatoa: chini, chini, kushoto, B. Akatoa chake bila kusita. Lakini mkulima alikwisha kufariki, Mungu amrehemu. Nikaenda Hewani kumwona dada yake. Alinipa wali na kambale wa nazi, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kaka yangu alikuwa akikiimba kipande chake shambani," akasema, "maji yalipopungua, tukifukuza ndege kwenye mpunga. Siku moja nikaja kwa fundi nijaribu. Unakumbuka ulichoniambia?"

Nilikumbuka. Nilisimama mlangoni nikamwambia gemu si ya wasichana, arudi kwa ndege wake.

"Lakini dada, hata kibonye kimoja hukumbuki?"

"Nilikuwa nacho chote mpaka pale mlangoni, kaka. Nikakitupa njiani nikirudi. Kula, samaki anapoa."

Nimewaandikia wale wa jukwaani vipande viwili nilivyo navyo. Wamenijibu kwa adabu kwamba wamevihifadhi, wakaweka alama: haujakamilika. Binti yangu ameniwekea ile gemu kwenye simu, eti nibahatishe. Nabahatisha. Ukuta ni uleule. Duka la fundi siku hizi linatengeneza simu, na jenereta iliuzwa kama chuma chakavu. Hayo ningeyavumilia. Ila mwisho wa msimbo wetu ulikuja wenyewe kwa miguu mpaka mlangoni, na mimi ndiye niliyeufukuza.