Makumbi ya Jambiani

Niliondoka Mji Mkongwe kwa sababu nilikuwa nshachoka. Miaka yote nasafisha vyoo vya nyumba ya wageni Shangani, na Jumapili naimba kwaya huku nikijinusa mikono kama bado ina harufu ya dawa. Kikundi cha maombi cha Dar kilikuwa kimeniita niache vyoo, niende nikamtumikie Mungu hasa. Jibu lilitakiwa kesho yake. Usingizi sina, chakula hakipiti. Nikasema, acha nikamuage Mwanaidi, shoga yangu niliyefanya naye usafi kabla hajarudi kwao Jambiani.

Njiani sikutulia. Kiembe Samaki nikataka kushuka nirudi. Msitu wa Jozani nikawa nawajibu Dar moyoni, mara ndiyo, mara hapana. Abiria wa pembeni akaniuliza, "Dada, una mgonjwa?" Nikamwambia mgonjwa ndiye mimi.

Jambiani nilikuta maji yamekupwa. Mwanaidi alikuwa pwani, matope mpaka magotini, anafukua makumbi ya nazi aliyoyafukia miezi nyuma yaoze, apate nyuzi za kusokotea kamba. Lo, harufu ile! Vyoo vyangu vilikuwa marashi.

"Karibu, Bi Anastazia!" akanicheka. "Shika gongo hilo, uponde."

Nikaponda kwa hasira zangu zote. Akanishika mkono.

"Wee, mbona huanzi?"

"Si nshaanza?"

"Hujasema kitu." Akainua gongo lake, akasema bismillahi, akapiga. Kumbi jingine, bismillahi tena. "Nyie Wakristo kazi mnaianza kwa jina la nani?"

Nikalishusha gongo. Kwaya naanza kwa sala. Chakula kwa sala. Hata safari ile niliiombea. Brashi ya choo? Hata siku moja! Nilikuwa namwacha Mungu mlangoni, kisha nalalamika hayumo ndani. Iliniuma jamani, nikalia palepale matopeni.

"Machozi hayasokoti kamba," Mwanaidi akasema. "Ponda."

"Kwa jina la Bwana Yesu," nikasema, nikaponda mpaka jua likapungua.

Nilirudi mjini nanuka, abiria wananipisha. Wasiwasi haukuisha wote, siwadanganyi.

Asubuhi simu ya Dar iliita nimeshapiga magoti kwenye choo cha kwanza. Nikaiacha iite. Nikalitaja jina la Bwana, nikaanzia kule nyuma mgeni asikotazama. Nilipomaliza ndipo nikawapigia. Nikawaambia asanteni, kazi ya Mungu nnayo, na sasa hivi bado sijagusa ghorofa ya juu.