Kipimo Ambacho Zéphirin Hakukisoma

Tarehe 9 Februari 2023, hapa Ruashi kulikuwa na jua kali, bila tone la mvua. Jirani yangu Zéphirin ndiye anayesoma kipimo cha mto pale darajani kila jioni, na wamama wenye bustani za bondeni humuuliza yeye kabla ya kupanda. Jioni ile hakushuka. Aliona uwanja wake umekauka, akaandika tena namba ya jana.

“Papa Zéphirin, mayi iko namna gani?” Mama Kapinga, mmoja wa wenye bustani, akamuuliza.

“Iko chini, mama. Panda tu.”

Kumbe mvua kubwa ilikuwa imenyesha huko mto unakotoka. Kulipokucha, maji yalikuwa yamebeba miche yote ya mboga ya lengalenga aliyoipanda Mama Kapinga jioni ile.

“Lakini uliangalia, papa?”

“Niliangalia,” akajibu, macho chini. “Mayi ilikuja gafula.”

“Basi, haiko kosa yako. Aksanti, papa.”

Shukrani ile ilimchoma. Siku nzima hakutoka nyumbani.

Kesho yake asubuhi alikwenda kwenye bomba, wamama wakiwa wamepanga foleni na madumu yao, akasema wote wakisikia: “Mama Kapinga, nilikudanganya. Sikushuka ku muto.”