Wanasesere wa Usumani

Kikombe kilikaa mikononi mwa Gahongayire dakika nne.

Ya tano, jaji akamwomba akirudishe.

Hakuwa ameiba. Hakuwa amedanganya. Aliulizwa swali moja mbele ya ukumbi mzima, akasema ukweli, basi.

Huyu Gahongayire ni mama yangu mkubwa, dada yake mama. Kisa hiki amenisimulia mara nyingi, na kila akifika hapo kwenye kikombe anasimamisha cherehani na kunikazia macho, utadhani mimi ndiye jaji mwenyewe. Nawapa kama alivyonipa.

Ilianza Kigali, mwaka 1991.

Alikuwa na miaka ishirini na mbili. Anashona sare za shule mtaa wa Biryogo, kwenye kibaraza cha duka la kaseti la Mzee Usumani. Usumani alikuwa Mswahili wa mjini, babu yake alitoka pwani na bidhaa kichwani akaoa huku huku. Mtu wa maneno mengi, na anayenusa biashara ikiwa bado mbichi.

Siku moja Usumani alizima redio dukani. Sauti ya mwanamke ikaendelea kuimba.

Akatoka nje.

"Binti, ni wewe?"

"Ni mimi, Mzee. Samahani."

"Samahani ya nini? Endelea."

Wiki haikuisha, mchongo ukawa umeiva. Usumani akatafuta wasichana wengine wawili, Mukashema na Uwera. Akanunua kitambaa cha manjano, Gahongayire akashona magauni matatu yanayofanana hadi kifungo. Mzee akawachagulia viatu. Akawachagulia mtindo wa nywele. Akawaambia nani asimame katikati, nani ageuke lini, nani acheke wapi.

Jumapili mafundi wakiwa hawapo, walifanya mazoezi kwenye gereji moja ya Gikondo, katikati ya magari yaliyofunguliwa injini.

Na nyimbo je?

Walipewa.

Mtunzi alikuwa Conrad, fundi umeme wa magari wa gereji hiyo hiyo. Kijana mpole, kucha nyeusi kwa grisi, daftari limekunjwa mfuko wa nyuma. Kinanda alikipiga vizuri sana. Kutunga ndiyo usiseme. Lakini kuimba, hapana. Sauti yake ilikuwa kama bati linaloburutwa kwenye lami, na wa kwanza kucheka alikuwa yeye mwenyewe.

Wimbo wao wa kwanza uliitwa "Nipitie Kesho". Wimbo mwepesi tu wa mapenzi. Msichana anamwambia mchumba:

Nipitie kesho, leo sijachana nywele,
nipitie kesho, mlango nitauacha wazi.

Hamna siasa hapo. Hamna fumbo. Lakini mwaka ulipoisha, harusi bila wimbo huo ilikuwa haijakamilika, kuanzia Nyamirambo mpaka Gikondo.

Hapo ndipo maneno yakaanza.

"Wale ni wanasesere wa Usumani. Anawavalisha, anawachezesha, anawasemesha."

Maneno hayo angeyatoa mlevi fulani wa mtaani, mama mkubwa asingejali. Lakini aliyeyasema ni Rutayisire.

Rutayisire alikuwa mwimbaji hasa. Alifundisha shule ya msingi mchana, na mwisho wa wiki alipiga gitaa peke yake, nyimbo zake, maneno yake. Akianza kuimba watu waliweka chupa chini. Gahongayire alikuwa na kaseti yake nyumbani, na aliisikiliza mpaka mkanda ukaanza kukwaruza.

Kwa hiyo lilimuuma. Lilimuuma sana.

Agosti 1992 wafanyabiashara fulani wakaandaa mashindano ya waimbaji. Ukumbi ulikuwa Gikondo, mchana kweupe, kwa sababu wakati ule kulikuwa na vita kaskazini na watu walipenda kuwa nyumbani mapema. Fomu ilisema kitu kimoja tu: wimbo uwe mpya. Mshindi atapata kikombe na nafasi ya kurekodi Bujumbura.

Wanasesere wakaimba wimbo wao mpya. Ukumbi ukasimama.

Rutayisire akaimba. Ukumbi ukanyamaza, kisha ukapiga makofi ya heshima.

Majaji wakanong'onezana. Wakamwita Gahongayire, kiongozi wa kundi, wakampa kikombe. Mukashema na Uwera wakawa wanarukaruka nyuma yake.

Ndipo Rutayisire akainuka kwenye kiti chake. Hakupaza sauti.

"Waheshimiwa, naomba mumuulize wimbo kautunga nani."

Jaji mkuu akaweka miwani sawa. "Mademwazeli, wimbo huu umeutunga wewe mwenyewe?"

Mama mkubwa akatupa jicho safu ya mbele. Usumani alikuwa anatikisa kichwa juu chini, polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kusema yego, yaani ndiyo.

Safu ya nyuma alikuwa Conrad, shati la bluu, mikono mfukoni.

"Oya, hapana," akasema Gahongayire. "Kautunga Conrad. Yule pale, mwenye shati la bluu."

"Na hiyo miondoko?"

"Ya Mzee Usumani."

"Sasa wewe umefanya nini?"

"Nimeimba."

Watu wakacheka. Mmoja akasema kwa sauti, "Dada huyu iko kaseti. Unabonyeza, inaimba." Wakacheka zaidi.

Angenyamaza ingeisha. Lakini mama mkubwa si mtu wa kunyamaza.

"Basi mwiteni Conrad aje auimbe," akasema. "Akiuimba na nyinyi mkabaki mmekaa humu ndani, kikombe nitakirudisha mwenyewe."

Ukumbi ukalipuka. Conrad akaficha uso kwa mikono yake, mabega yanamtikisika kwa kicheko.

Jaji hakucheka. Akanyoosha mkono, akachukua kikombe, akampa Rutayisire. "Sanaa ni ya anayeumba," akasema, na mashindano yakaishia hapo.

Jioni ile dukani, Usumani aliwaka. Si kwa majaji. Kwa mama mkubwa.

"Neno moja tu, binti. Yego. Lingekugharimu nini?"

"Ningesema yego, Conrad angekuwa nani, Mzee?"

"Conrad amekubali. Hataki jina, anataka wimbo uimbwe."

"Mimi sijakubali."

Conrad alikuwa amekaa juu ya kreti ya soda, anachezea waya. Akasema taratibu, "Dada Gahongayire, kikombe kingekaa kwako au kwangu kingeota vumbi vile vile."

"Vumbi ningelifuta," akamjibu.

Kesho yake akamaliza sare mbili haraka, akaenda kwa Rutayisire. Alimkuta uani anasahihisha madaftari ya wanafunzi. Kikombe hakikuonekana popote.

"Karibu, dada. Umekuja kunitukana?"

"Nimekuja kuuliza. Nimekukosea nini, kaka?"

Rutayisire akafunga daftari. Si mtu mbaya, mama mkubwa husema hivyo siku zote. Akamjibu kwa heshima.

"Mimi nikiimba njaa, nimelala nayo. Nikiimba mazishi, nimezika. Wewe unaimba njaa ya mtu mwingine, na gauni umechaguliwa. Watu hawaoni tofauti, na siku wakikuzoea wewe, mimi sitasikilizwa tena."

"Kwa hiyo unaogopa."

"Naogopa. Lakini pia nina haki."

Gahongayire akafikiri. Halafu akasema, "Mama yako alikuwa anakuimbia ukilia?"

"Kila mama anaimba."

"Alitunga yeye?"

Rutayisire akageuza daftari juu ya mapaja yake.

"Wimbo wa kumlaza mtoto, hakuna mama aliyeutunga yeye. Amepewa na mama yake, naye alipewa. Wewe ulilala au hukulala?"

"Hiyo ni tofauti."

"Tofauti gani?"

Rutayisire akarudi kwenye madaftari yake. Mama mkubwa akaaga.

Tangu siku hiyo alianza jambo lililomtia Usumani kichaa. Kabla ya kila wimbo, popote walipoimba, alisogea mbele na kusema: "Wimbo huu ni wa Conrad, fundi umeme wa Gikondo. Mimi naimba."

"Unaniharibia biashara," Usumani alilalamika. "Watu wanataka kuamini."

"Waamini na hilo."

Na watu hawakuacha kucheza. Harusi zikaendelea kuwaita mwaka mzima wa 1993, magauni ya manjano yakachuja kwa kufuliwa. Waliowadharau waliendelea kudharau, na wakipita karibu na spika miguu yao ilikuwa inawasaliti.

Halafu ukafika Aprili 1994. Mauaji ya kimbari.

Mama mkubwa hasimulii miezi ile, na mimi sitaisimulia kwa niaba yake. Nitasema machache tu.

Conrad aliuawa Gikondo, yeye na mkewe na mtoto wao. Nyumba ilichomwa.

Uwera aliuawa na familia yake yote.

Gahongayire na Mukashema walifichwa na Mzee Usumani. Walikaa nyuma ya duka, kwenye stoo ya kaseti, wiki baada ya wiki. Wenye mapanga walipokuja, Usumani alikaa mlangoni na kuongea. Aliongea, aliongea, yule mzee wa maneno mengi, mpaka wakachoka wakaondoka. Walikuja mara tatu. Mara zote tatu aliongea. Watu waliosema Usumani aliwaona wasichana wale kama bidhaa, mama mkubwa huwaambia waje wamwambie yeye.

Novemba mwaka ule cherehani ilikuwa imerudi kibarazani. Mji umejaa watu wapya waliorudi kutoka Uganda, Tanzania, Burundi, na kila mmoja alitaka nguo ipunguzwe au ipanuliwe.

Mchana mmoja akasimama mwanamume amejifunga skafu shingoni, na jua linawaka. Amekonda. Mama mkubwa alimtambua kwa vidole, vidole vya gitaa.

"Kaka Rutayisire. Uko hai."

Akaitikia kwa kichwa. Akashusha skafu kidogo, akaipandisha. Kovu lilitoka chini ya sikio hadi kooni.

Aliposema, ilitoka pumzi tu, na maneno yakisukumwa moja moja.

"Sauti imekwenda."

Akatoa karatasi mfukoni, imeandikwa kwa mwandiko wa mwalimu, ulionyooka. Akaiweka juu ya kitambaa.

Ulikuwa wimbo. Wa watoto wake wawili. Kila ubeti ulikuwa kitu kimoja walichokuwa wanakipenda.

Gahongayire akausoma mpaka mwisho. Machozi yalimtoka, lakini hasira pia ilimpanda. Miaka miwili alikuwa nayo.

"Uliniambia naimba njaa ya mtu mwingine."

"Nilisema."

"Na sasa?"

Rutayisire akahangaika kutafuta pumzi. "Sasa nakuomba uimbe yangu."

Mama mkubwa anasema alitamani kumkatalia. Kweli kabisa. Kwa dakika nzima alikuwa na lile neno mdomoni, oya, na lilikuwa tamu. Kisha akaangalia tena karatasi, akaona majina ya watoto.

"Nitauimba," akasema. "Lakini usinishukuru kana kwamba nimekuazima koo. Naimba kwa sababu hii ndiyo kazi yangu. Ilikuwa kazi hata siku ile."

Akaitikia kwa kichwa.

"Na kabla ya wako nitaimba wa Conrad."

Akaitikia tena.

Mwezi wa Desemba kulikuwa na mkusanyiko wa kuwakumbuka waliouawa, kwenye darasa moja kubwa lisilo na vioo madirishani. Hakuna aliyejua kama ilikuwa sawa kuimba. Gahongayire alisimama peke yake, kwa sababu Mukashema alikataa, alisema hawezi bila Uwera, na hakuna aliyembembeleza. Gauni lilikuwa la kawaida tu, la kahawia.

"Wimbo huu ni wa Conrad, fundi umeme wa Gikondo," akasema. "Mimi naimba."

Akaanza "Nipitie Kesho". Ule ule wimbo mwepesi wa kuchana nywele.

Mstari wa kwanza aliimba peke yake. Wa pili, darasa zima lilikuwa linaimba. Wengine walilia huku wanaimba. Bibi mmoja alisimama akacheza, hatua ndogo ndogo, mikono juu, na hakuna aliyemwangalia kwa ubaya. Daftari la Conrad lilikuwa majivu, lakini maneno yake yote yalikuwa pale, kwenye midomo ya watu ambao hawakutunga hata herufi moja.

Kisha akasema, "Huu ni wa Rutayisire, mwalimu. Yule pale."

Akauimba.

Watu walipotoka, Rutayisire alibaki. Mama mkubwa alidhani atalia. Badala yake alitoa karatasi, uso umemkunjana kama anasahihisha mtihani.

"Ubeti wa tatu," akanong'ona. "Umebadilisha mstari."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Ulivyouandika haukuwa na pa kuvutia pumzi. Mtu angemtaja mwanao huku anahema."

Rutayisire akaangalia ule mstari muda mrefu. Midomo yake ikausema mara mbili bila sauti. Halafu akachomoa kalamu, akakata wake, akaandika wa mama mkubwa juu yake, kwa mwandiko ule ule ulionyooka.

Ndugu zangu, mimi si mwanamuziki. Lakini huwa nasoma mnavyotukanana humu mitandaoni, huyu msanii halisi, yule katengenezwa, huyu anaandika mwenyewe, yule anaandikiwa. Tajeni watunzi, hilo ni deni na mama mkubwa alililipa mbele ya kila harusi. Ila kumwambia anayeimba kwamba hajafanya kitu, hapana. Kama ni rahisi hivyo, njoo usimame mbele ya watu uimbe majina ya watoto wa mwenzako, na usikose pa kuvuta pumzi.