Kufuli Tulilolisoma Hewani

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Kituo cha reli hapa Kindu hakunionyesha mashine yoyote. Alinipa daftari na kalamu, akaniketisha mbele ya foni, ile redio ya mawimbi mafupi tuliyotumia kuongea na vituo vya mbali, akasema: "Ramazani, kila kitu utasikia, uandike. Hata kama haiko yako. Kile ulisikia na haukuandika, haukusikia." Nilidhani mzee ananitania. Kabla mwezi haujaisha niliona treni ya mizigo ikisubiriwa siku mbili mahali ambapo haikuwapo, kwa sababu mtu mmoja aliamini masikio yake. Nikaacha kucheka.

Reli iliposimama kwa ajili ya vita, nilichukuliwa na ofisi moja ya misaada iliyokuwa ikiwatafutia jamaa watoto waliopotezana na wazazi wao. Walinitaka kwa foni, lakini kompyuta zilipokuja nikazishika mimi, maana hakuna mwingine aliyezitaka. Nilijifunza kwa kuwachungulia mafundi wa kigeni na kwa kusoma vitabu vyao mpaka majalada yakatoka. Ikafika siku nikawa fundi, tena fundi hodari. Najua, mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini mimi nimestaafu, sina tembo la kuharibu.

Sasa ninyi vijana mnaoendesha seva ya Kinshasa kwa simu mkiwa mmelala, sikilizeni tulivyofanya.

Orodha ya watoto waliokwisha kupatiwa wazazi ilikaa kwenye seva ya Kisangani, yaani kompyuta inayotunza kumbukumbu za ofisi zote. Jumatatu moja umeme ulikatika huko; uliporudi, orodha ikagoma kufunguka. Kindu tulikuwa na watoto thelathini na mmoja. Ndege ya kuwapeleka ilikuwa ije Ijumaa asubuhi, na haikumpakia mtoto asiye na karatasi yenye jina la mzazi. Kama kungekuwa na ndege nyingine, hakuna aliyejua. Msichana mmoja aitwaye Sifa, wa miaka tisa hivi, alikuwa ameshafunga nguo zake katika kitenge, na kila asubuhi aliketi juu ya kifurushi hicho karibu na mlango wangu. Nilimpita bila kumtazama. Niliona aibu.

Fundi wa Kisangani alikuwa amekwama ng'ambo ya mstari wa mapigano. Pale alibaki Mwandishi wa ofisi, mama aliyejua kuchapa tu. Kusoma majina kwa foni ilikuwa marufuku, kwani baadhi ya watoto walikuwa wametoroka kwa wenye bunduki, na wenye bunduki walisikiliza foni kuliko sisi. Ilibidi niingie katika ile seva mwenyewe, kwa dirisha la amri: kioo cheusi unachoandikia maneno, na mashine ya mbali inatii.

Dishi la setilaiti tulikuwa nalo. Tatizo ni proksi, mlinzi aliyewekwa na makao makuu, ambaye kila kitu kilipita kwake. Aliruhusu kurasa za tovuti tu. Amri zangu zilitaka mlango nambari 22, na huo aliufunga. Lakini kurasa za siri hupita mlango 443, na huko proksi haisomi kitu: ukimwomba akuunganishe, anafungua bomba na kupitisha chochote unachotia. Basi kama seva ya Kisangani ingenisubiri kwenye mlango 443, ningepitisha amri zangu ndani ya bomba hilo. Hilo ndilo tunaloliita handaki. Penye nia pana njia.

Mkuu wa Ofisi, mwanamke asiyependa mambo ya kushtukiza, alinikazia macho. "Unataka kudanganya mulinzi wa makao makuu?"

"Hapana, shefu. Nataka kumuomba njia ile anajua kufungua."

"Basi tuwaombe wenyewe kwanza."

Aliwaandikia. Jumatano jioni jibu likaja, mstari mmoja: wiki hii tu.

Ikabaki namna ya kuingia. Neno la siri huwezi kulitamka mbele ya mkoa wetu mzima wa Maniema. Lakini ipo njia ya kufuli na ufunguo, ambavyo mashine huvitengeneza pamoja. Kufuli unaweza kumwonyesha hata adui. Ufunguo unabaki kwako. Kufuli langu lilikuwa mistari sita ya herufi na tarakimu zisizo na maana yoyote, kubwa na ndogo zimechanganyika.

Foni ilikuwa zamu yetu saa moja asubuhi na saa nane mchana. Alhamisi saa moja nilimwelekeza Mwandishi kubadilisha mlango, kisha nikaanza kusoma kufuli ili alichape ndani ya seva. "Kubwa K kama Kindu. Dogo p kama Pangi." Katikati ikaingia sauti ya Mama Katarina, muuguzi wa zahanati ya Obokote, huko msituni kwenye njia ya Kisangani, aliyejulikana kwa kusikiliza mambo ya wote.

"Kindu, soma pole pole."

"Obokote, toka hewani!" nilifoka. "Hii haikuhusu!"

Akatoka. Nami nikasoma mpaka mwisho, nikakimbilia kompyuta. Proksi ilifungua bomba! Nilipiga meza kwa furaha. Seva ya Kisangani ikaitika, kisha ikanikataa: ufunguo haulingani na kufuli. Nilijaribu mpaka vidole vikaniuma.

Saa nane mvua ilikuwa imeshika Kindu. Nilimwuliza Mwandishi ana mistari mingapi.

"Tano."

Nilimwomba anisomee. Akasoma mwanzo wa kila mstari. Wa nne haukuwapo. Nikaanza kuusoma.

"Kindu, sikusikii tena. Kindu! Rudia, papa, ni kwa ajili ya watoto!" Mwandishi alikuwa analia. Mimi nilimsikia, yeye hakunisikia. Zamu yetu ilibakiza dakika kumi.

"Kisangani, hapa Obokote," ilisema ile sauti niliyoifukuza. "Mustari ya ine niko nayo. Andika pole pole."

Akausoma wote, kubwa kwa dogo, kutoka katika daftari lake. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: bila yule mama, kazi yangu yote ilikuwa bure.

Zamu ilipokwisha nilijaribu tena. Dirisha jeusi likafunguka, Kisangani ikawa mezani pangu, na mimi nikapiga kelele mpaka Mkuu wa Ofisi akaja mbio. Nilirudisha nakala ya ile orodha iliyohifadhiwa Jumapili, na kabla jua halijatua karatasi thelathini na moja zilikuwa zimechapwa. Ijumaa Sifa alipanda ndege na kitenge chake. Jumapili, siku ya mwisho ya ruhusa yetu, kupitia handaki, niliona mbele ya kila jina neno moja: amekabidhiwa. Nililia bila kuficha.

Mkuu wa Ofisi aliagiza kwamba hewani lisisemwe lolote kuhusu watoto wala ndege. Nikatii.

Baada ya vita nilipelekwa Kalima, kisha Idara ya Afya ya Mkoa, ambako Mganga Mkuu alinitambulisha kwa wageni kama "papa wa handaki". Nilifundisha wengi. Nilipostaafu, seva ile ilikuwa imekwisha kutupwa, na proksi sijui ilifia wapi. Daftari langu ninalo.

Kiangazi kilichopita mama mmoja alibisha hodi nyumbani kwangu. Niliijua ile sauti ya Obokote kabla ya uso, maana uso sikuwahi kuuona. Alitoa daftari mfukoni: mistari sita, herufi kubwa amezipigia mstari chini. Tukalinganisha na langu. Hakuna herufi iliyopotea.

"Hii ilikuwa nini, papa?"

Nikamweleza. Kisha nikasema, "Mama, nilikukemea mbele ya wote. Unisamehe."

"Ile nilisahau. Nilikuja kuuliza kitu moja. Wale watoto, walifika?"

Miaka yote hiyo hakuna aliyemwambia. Mimi, fundi hodari, sikumwambia.

"Walifika, mama. Wote thelathini na mmoja."

Aliniomba kalamu, na chini ya mstari wa sita akaandika: Walifika wote.