Soko zima tumebana pua

Leo Mdachi, mkubwa wa boma, ameoga kwa sababu yetu.

Asubuhi askari wake alitangaza: marufuku kuvuta kiko sokoni Rumonge, mapaa ya nyasi yatashika moto. Atakayevuta atakula kiboko.

Haya. Sisi wauza ndagala, dagaa wa ziwani, tukageukia tumbaku ya maji. Unaimimina puani, unabana pua kwa kijiti isimwagike. Haina moshi, haina kosa.

Mara Mdachi mwenyewe akaja kukagua. Akakuta soko zima tumebana pua, tunamtazama.

Akasimama. Akanusa kwapa lake.

"Ni mimi nanuka?" akamuuliza askari.

Askari naye alikuwa amebana pua.

Mdachi huyoo ziwani, na sabuni mkononi.

Wenzangu mlioipinga amri asubuhi, mnasemaje sasa? Mimi nataka iendelee. Bwana ananukia.