Vitone Vyeusi Kwenye Ramani ya Mto Mara

Mimi si mtu wa kusimulia. Hata darasani najibu nikiitwa jina tu. Lakini hili nililiona kwa macho yangu, mchana, jua likiwaka. Ukitaka kucheka, cheka.

Baba alipata fotokopi ya ramani ya enzi za wakoloni, ya pale Mto Mara unapotawanyika kwenye mafunjo chini ya kijiji chetu, huku Tarime. Zamani mto ulipita mbali. Penye mafunjo leo palikuwa nchi kavu.

"Ardhi yetu inafika huku!" Baba alifurahi. "Na maji yamepungua. Kesho tunalima."

Nikamwonyesha vitone vyeusi. "Baba, shuleni tumefundishwa hizi ni nyumba. Hapo ni mahame."

Kwetu mahame ya watu waliokwisha hayalimwi. Nani asiyejua?

Baba mdogo akaangua kicheko. "Madoa ya fotokopi hayo, mwalimu! Peleka ndama wakanywe."

Nikawapeleka. Nikiwa ndani ya maji, nikamwona bibi mmoja anafagia katikati ya mafunjo. Niamini: mimi miguu imelowa, yeye ufagio wake unatimua vumbi.

"Shikamoo, bibi."

Hakuitika. "Nani kawaonyesha mlango wangu?"

Nikaanza kuwarudisha ndama nyuma.

"Mwambie baba yako, ng'ombe atakayekanyaga uwanja wangu ni wangu. Kisha na mimi nitakuja kwake."

Akafagia kunifuata, vumbi likaniingia machoni. Nilikimbia hadi nyumbani, nikasema yote. Baba alipoona macho yangu mekundu akasita. Baba mdogo akamwahi: "Huyo anakwepa kushika plau tu."

Asubuhi wakafunga maksai. Mstari wa kwanza haukuisha. Ardhi ile kavu iliyoachwa na maji ililegea kama uji, maksai wetu wakazama mpaka pembe, Baba akivuta kamba na kuwaita kwa majina yao.

Sasa tunalima kwa jembe la mkono. Lakini si hilo linaloninyima usingizi. Juzi Mama alitoka nje akanisifu: "Leo umefagia vizuri, mwanangu." Sikuwa nimefagia. Mistari ya ufagio ilitoka upande wa mafunjo, ikaishia kwenye zizi.

Leo imefika mlangoni.

Wewe unayetaka kupimia shamba kwa ramani ya zamani, kabla hujafunga plau, uliza vile vitone walikuwa nani. Sisi hatukuuliza.